Nondo za juu zikae juu: kwa mafundi wapya wa msingi na slabu

Jumamosi iliyopita nilikuwa Goba, nimesimama pembeni ya slabu, yaani sakafu ya zege, ya nyumba ya ghorofa moja, vijana wanamwaga zege. Kasi nzuri, mashine haisimami, karai zinapokezana mkono kwa mkono. Mara kijana mmoja akakatisha juu ya nondo za balkoni kama anapita kwenye mkeka wa kwao. Nondo zikalala chini ya mguu wake, naye akaenda zake. Nikapiga kelele mpaka mama muuza uji wa ng'ambo ya barabara akainuka. Tulisimamisha kazi dakika 20, nondo zikainuliwa, na wale vijana wakaninunia hadi jioni. Wanune tu. Kosa lile nalijua, maana nimeshalilipia kwa fedha yangu.

Basi nawaandikia ninyi mlioingia saiti mwaka huu na mwaka jana. Ringi za kufungia nondo ni nini, 1:2:4 ya saruji, mchanga na kokoto maana yake nini, hayo mnayo tayari. Nawapa yale ninayoona mnayarudia kila wiki.

1. Maji. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unataka maji lita 25 hivi, yaani ndoo kubwa moja na robo, na pungufu ya hapo mchanga ukiwa umenyeshewa. Anayeongeza ndoo nyingine "ili zege litembee" anakoroga uji. Yale maji ya ziada yatakauka na kuacha vitundu ndani, na zege litakuwa dhaifu hata kama saruji ni ya daraja la nguvu la 42.5. Zege zito linataka vaibreta, ile mashine ya kulitikisa, na mikono. Kokoto na mchanga pimeni kwa boksi la lita 35, ambalo ndilo ujazo wa mfuko mmoja wa saruji. Msipime kwa chepe: chepe la saa 2 asubuhi na chepe la saa 9 alasiri, mtu ameshachoka, havijai sawa.

2. Mtaro wa msingi. Ushuke mwenyewe, usiuangalie ukiwa umesimama juu na mikono mfukoni. Chukua kipande cha nondo ya mm 16 ukichome kwenye udongo wa chini, sehemu nyingi, hasa kwenye kona. Kikizama kirahisi, hujafika. Viwanja vyetu vingi vina shimo la taka la zamani, choo kilichofukiwa, au kifusi alichomwaga jirani miaka kumi iliyopita, na juu panaonekana pazuri tu. Niliwahi kumkuta fundi Chanika anamwaga zege la kitako, lile la chini kabisa linalobeba msingi, ndani ya maji ya mvua ya usiku. Namuuliza, ananijibu zege litayasukuma. Litayasukuma yaende wapi, ndugu yangu? Yanaingia humohumo, na chini linabaki tope. Chota maji yote, kwangua tope mpaka ukute udongo mgumu, mwaga zege la usafi la sm 5, lile jembamba la kutandika chini, kisha usuke nondo zako juu ya biskuti za sm 5, vile vipande vya zege vya kuziinua. Na ukikutana na ule udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukinywa maji na kupasuka kiangazi mpaka mkono unaingia kwenye ufa, simamisha kazi umwite mhandisi. Usiuamulie peke yako.

3. Nondo za juu. Hapa mnivumilie, nitakaa.

Ilikuwa mwaka 2014. Nilikuwa na miaka 6 kwenye kazi, na ndiyo kwanza nimepewa kusimamia slabu mwenyewe, nyumba ya ghorofa moja maeneo ya Mbezi. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu, anajenga kwa kiinua mgongo. Balkoni ilitoka nje mita 1.2, bila nguzo mbele, slabu ya sm 15. Mchoro ulikuwa wazi kabisa: nondo mm 12 kila sm 15, upande wa juu, zirudi ndani ya chumba kiasi cha kutosha. Nilizisuka mwenyewe na zilipendeza.

Sababu yake mnaijua, ila wengine mmeikariri tu. Slabu ya chumba imeshikwa na kuta pande zote. Ikielemewa inabonyea katikati, uso wa chini ndio unaovutika, kwa hiyo nondo kubwa zinalala chini. Balkoni imeshikwa upande mmoja tu. Ikielemewa inainama mbele, na kinachovutika ni uso wa juu, palepale ilipoungana na ukuta. Zege haliwezi kuvutwa, linakatika. Kazi hiyo ni ya nondo, na inaifanya pale tu ikiwa iko juu.

Sasa, viti vya kushikilia hizo nondo vilihitajika kama 40. Nilikata 12. Nondo ya kukatia viti ilikuwa imekwisha, duka limefungwa, na vibarua 30 walishaambiwa waje alfajiri. Nikajisemea nitaziangalia kwa macho.

Saa 10 jioni wingu likapanda. Mnajua saiti inavyokuwa mvua ikinukia na zege halijaisha: kila mtu anakimbia. Ngazi ya mbao tulikuwa tumeiegemeza upande wa balkoni, kwa hiyo njia fupi ya kila karai ilipita juu ya nondo zangu. Nikaziona zimelala. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba niliziona. Kijana mmoja, saidia fundi, akaniuliza, "Kaka, hizi tuziinue kwanza?" Nikamwambia mwaga, tutazivuta kwa kulabu zege likiwa bichi. Tukavuta mbili tatu za pembeni. Nyingine zikafunikwa. Rula ikapita, uso ukawa laini kama meza, mwalimu akatuletea pilau, watu wakanipongeza.

Siku ya 21 tukatoa mirunda, yale magogo yaliyoishikilia slabu kwa chini. Sijafika hata chini nikasikia mlio kama mtu anavunja muwa kwenye goti. Nikarudi juu mbio. Ufa ulikuwa umepita sambamba na ukuta, mwembamba kama uzi, kutoka mwisho hadi mwisho. Kesho yake ulikuwa unaingiza ukucha, na ncha ya balkoni imeshuka sm 3. Tukairudishia mirunda, nikachukua patasi na nyundo nikachimba mwenyewe. Nondo nilizotakiwa kuzikuta sm 2.5 kutoka juu nilizikuta sm 9. Badala ya kuwa sm 12 kutoka uso wa chini zilikuwa sm 6, maana yake nguvu ya kuishika ile balkoni ilikuwa imebaki nusu, au chini ya hapo.

Usiku ule sikulala. Mwaka mmoja nyuma, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, hapahapa Dar es Salaam, watu 36 wakafa. Sisi mafundi tulizungumza habari ile miezi mingi, kila mtu anasema yeye hawezi kufanya hivi wala vile. Mimi nikawa nawaona wajukuu wa mwalimu wanaruka juu ya balkoni yangu.

Asubuhi nikamweleza mwalimu yote. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza swali moja tu: "Uliziona kabla hamjazifunika?" Nikajibu ndiyo, mwalimu. Hakunifokea. Angenifokea ningepumua. Tukaivunja balkoni yote na kuijenga upya, nondo, saruji, mbao za fomu na vibarua juu yangu. Pikipiki yangu iliuzwa mwezi ule. Yule kijana aliyeniuliza nilimfuata kwao nikamwomba radhi. Leo anasimamia saiti zake, na akiniona huwa ananiuliza kwanza habari za viti.

Kwa hiyo: viti vikatwe siku moja kabla, visambae kila mita moja au chini ya hapo, pawe na mbao za kupitia watu juu ya nondo, na mtu mmoja asiwe na kazi nyingine siku ya zege ila kuangalia nondo za juu. Akisema simameni, simameni, hata mvua ikiwa puani. Na mtoto wa karai akikuuliza swali, mwangalie usoni umjibu.

4. Mirunda: vyumba vidogo siku 14, vyumba vipana na balkoni siku 21, na balkoni unaanza kutoa kwenye ncha ukirudi ukutani.

5. Maungio ya nondo yapishane angalau mara 40 ya unene wake, yaani sm 48 kwa mm 12, na yasikutane yote mstari mmoja.

6. Jamvi, yaani zege la sakafu ya chini. Kifusi cha chini yake kinaingia tabaka kwa tabaka, sm 15 kila moja, maji kiasi, shindilia, ndipo tabaka linalofuata. Kujaza mita nzima kwa mkupuo na kupitisha kompakta juu ni kukipaka poda, chini kimebaki chepechepe. Masika ya kwanza kitashuka, na jamvi litabaki linaning'inia. Mchanga wa pwani wenye chumvi usiuweke kwenye zege lenye nondo, hata ukipewa bure.

7. Kumwagilia. Siku 7 bila kuruka hata moja, asubuhi, mchana na jioni, au zungusha kingo za mchanga juu ya slabu ulaze maji humo. Jua la Dar linanyonya maji ya slabu kabla hujamaliza kuosha mikono, na zege lililokaushwa na jua kabla ya wakati halikomai. Slabu ya Goba leo iko siku ya 5. Mchana nimepita nikaikuta nyeupe, kavu, na mpira wa maji umeviringishwa vizuri pembeni. Zamu ilikuwa ya yuleyule kijana wa Jumamosi. Tumeilowesha pamoja, mimi na yeye, na kesho saa 12 asubuhi ananikuta palepale.