Maswali ya Wasomaji: Tuvipange vipi vyanzo vya sauti?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sayansi. Niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kuandika kila sauti waliyoisikia kwa muda wa nusu saa, kisha kuzigawa katika makundi mawili: sauti za asili na sauti zinazotokana na binadamu. Kazi ilikwama kwenye mvua iliyokuwa ikipiga bati. Baadhi yao waliiweka kwenye asili, wengine wakashikilia kwamba bati limetoka kiwandani. Nani yuko sahihi, na je, kuna utaratibu ulio bora zaidi?

JIBU: Ndugu Mwalimu, pande zote mbili zimesema kweli, ila kila upande ulikuwa ukijibu swali lake. Walioiweka mvua kwenye asili walijiuliza ni kitu gani kilichoanzisha sauti. Waliolitaja bati walijiuliza ni kitu gani kilichotetema. Kwa kuwa makundi uliyowapa hayakusema ni swali lipi kati ya hayo mawili linalotakiwa kujibiwa, ubishi huo ungezuka hata kama wangekuwa watafiti waliobobea.

Mgawanyo wa aina yako unao watetezi wake. Bernie Krause, Mmarekani aliyetumia miaka mingi kurekodi sauti za nyikani, aliusambaza mgawanyo wa makundi matatu: sauti za viumbe hai wasio binadamu, sauti za dunia isiyo na uhai, kama vile upepo, mawimbi na ngurumo za radi, na sauti za binadamu pamoja na vyombo vyake. Mgawanyo huo unafaa sana kwa mtu anayetaka kujua, kwa mfano, ni kwa kiasi gani magari yamewafunika ndege katika eneo fulani. Haumwelezi mwanafunzi, hata hivyo, ni kwa nini sauti inasikika hivyo inavyosikika, na kwa darasa la sayansi naona hilo ni pengo kubwa.

Kwa darasa lako ningechagua njia iliyopendekezwa na mtafiti William Gaver mwaka 1993, ambayo huanza na kuuliza ni maada ya namna gani iliyohusika na imefanyiwa nini. Kuna sauti za vitu yabisi, vinapogongana, kusuguana, kubiringika au kukunjwa. Kuna sauti za vimiminika, vinapodondoka, kumiminwa au kurushwa. Na kuna sauti za hewa na gesi nyingine, zinapolipuka ghafla au kupita kwa kasi kando ya kitu. Kwa njia hiyo nyayo, mlango unaofungwa na kijiko kinachogonga sufuria hukaa jirani, ingawa kwa mgawanyo wa kawaida vingetengwa, na mtoto anaweza kueleza ni kwa nini masikio yake yanavisikia vikifanana.

Kundi la vimiminika lina jambo ambalo watu wengi hawalitarajii. Bomba likidondosha tone kwenye ndoo yenye maji, tone lenyewe linapogusa maji halitoi sauti ya maana. Hulifanya shimo dogo kwenye uso wa maji, shimo hilo hujifunga, na chini yake hubaki kiputo cha hewa kilichonaswa. Kiputo hicho hubanwa na kutanuka kwa kasi, na huo ndio mlio tunaousikia. Mwanafizikia Marcel Minnaert alionyesha mwaka 1933 jinsi ukubwa wa kiputo unavyoamua mlio wake: kiputo chenye kipenyo cha milimita 2 ndani ya maji hutetema takriban mara 3,300 kwa sekunde, na kikiwa kikubwa maradufu, hutetema nusu ya idadi hiyo. Kijito kinachobubujika ni maelfu ya viputo vya ukubwa tofauti vikilia kwa pamoja. Hivyo hata kundi la vimiminika, tukilichungulia kwa karibu, lina hewa ndani yake.

Upepo nao ni hivyo hivyo. Hewa inayosafiri bila kizuizi karibu haisikiki. Ikikutana na waya, tawi au ukingo wa dirisha, huvunjika katika mizunguko midogo ya hewa inayofuatana, na hapo ndipo mluzi unapozaliwa.

Ushauri wangu basi ni kwamba wanafunzi wachore jedwali lenye safu mbili, moja ya kilichoanzisha sauti na nyingine ya kilichotetema. Mvua juu ya bati itaandikwa "matone yanayoanguka" upande mmoja na "bati" upande wa pili, nao ubishi utakwisha. Wataalamu wa muziki Erich von Hornbostel na Curt Sachs waliegemea swali la pili, la kilichotetema, walipoainisha ala za muziki mwaka 1914: waliuliza kama kinachotetema ni mwili wa ala yenyewe, ngozi iliyowambwa, uzi uliokazwa au hewa. Ala za umeme ziliongezwa baadaye.

SWALI: Jokofu langu hutoa sauti mchana na usiku. Katika orodha ya sauti za nyumbani, inatosha kuandika "mashine"?

JIBU: Haitoshi, kwa sababu jokofu ni nyumba yenye wapangaji kadhaa. Mngurumo mzito unatoka kwenye mota ya kompresa, yaani pampu ya kupoozea: nguvu ya sumaku ndani yake hufikia kilele mara mbili katika kila mzunguko wa umeme, hivyo penye umeme wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde) utasikia mngurumo wa hezi 100, na penye umeme wa hezi 60 utakuwa wa 120. Ikiwa jokofu lina feni, kuna pia mvumo wa hewa, ambao idadi ya mitetemo yake kwa sekunde hutegemea idadi ya mabawa ya feni yakizidishwa kwa mizunguko ya kila sekunde. Mgugumio unaosikika kompresa inapozimwa ni wa kimiminika cha kupoozea kikitembea na kuchemka ndani ya mirija. Kisha kuna mlio mkavu wa ghafla, ambao mara nyingi ni plastiki ya ndani inayosinyaa au kutanuka kwa mabadiliko ya joto.

Sasa livute jokofu mbali kidogo na ukuta. Mngurumo ukipungua, umegundua kwamba ukuta, au sahani iliyowekwa juu ya jokofu, ilikuwa ikitetemeshwa na kuisambaza sauti ambayo haikuianzisha. Fundi anayetafuta ubovu hana budi kuvitenganisha vyote hivyo, maana kompresa na sahani havirekebishwi kwa njia moja.

SWALI: Mbwa akibweka kwenye redio, chanzo ni mbwa au redio?

JIBU: Kinachotetema ni kiwambo cha spika, na hapo ulipo ndicho chanzo. Mbwa ni chanzo cha sauti iliyorekodiwa.

SWALI: Kipimo cha desibeli kinatosha kujua kama kuna kelele. Kuainisha vyanzo kunaongeza nini?

JIBU: Kipimo kinaonyesha ukubwa wa sauti tu, ilhali sauti mbili zenye desibeli sawa huwasumbua watu kwa viwango tofauti. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kelele za mazingira kwa kanda ya Ulaya mwaka 2018, lilitenganisha vyanzo waziwazi. Kwa wastani wa saa 24, ambao huzipa sauti za jioni na usiku uzito wa ziada, lilipendekeza kelele zisizidi desibeli 53 kwa magari ya barabarani, 54 kwa reli, na 45 kwa ndege. Kipimo kisichojua kinasikiliza nini hakiwezi kukuambia ni namba ipi kati ya hizo inayokuhusu.

Hata kundi la "magari" linahitaji kupasuliwa zaidi. Gari dogo linapokwenda polepole, kinachosikika zaidi ni injini. Likivuka mwendo wa takriban kilomita 40 hadi 50 kwa saa, tairi zinazogusa lami huishinda injini. Kwa hiyo kubadilisha magari yote kuwa ya umeme kungetuliza mitaa yenye foleni, lakini anayeishi kando ya barabara kuu angepata nafuu kubwa zaidi kutokana na aina ya lami na kikomo cha mwendo.