Naimba kwaya, lakini moyo umepoa

SWALI: Niliokoka nikiwa kidato cha pili. Siku hizi naimba kwaya na kutoa zaka, lakini moyo ni mkavu. Nianzie wapi? – Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Ndugu, kanisa la Efeso lilikuwa hivyo hivyo: kazi nyingi, subira, ila upendo wa kwanza limeuacha. Dawa iko Ufunuo 2:5, na ifuate kwa mpangilio wake: kumbuka, tubu, kisha fanya matendo ya kwanza. Wengi hurukia la tatu, wakaongeza mikesha na kufunga siku 3. Wiki ya pili wamechoka, wanaona haya, wanaacha kabisa.

Chukua daftari. Andika ulichokuwa ukifanya wakati ule na kilichokiondoa: zamu za usiku, simu, kinyongo na mwanakwaya mwenzako (hiki ndicho hufichwa sana). Tubu kwa kukitaja, si kwa jumla. Kama kuna uliyemkosea, mwendee kwanza, Mathayo 5:23–24.

Kisha tenga dakika 15 alfajiri kabla ya kugusa simu, usome sura moja ya Marko. Ziko 16 tu. Usianzie Mwanzo, wengi hukwama Mambo ya Walawi. Ukikosa siku, endelea ulipoachia; usijaribu kulipa deni.