Mwaka wa kwanza ndio tangazo

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili lilikuwa: "Chuo kikuu kifanye nini ili kivute wanafunzi hodari na kuinua ubora wa ufundishaji?"

Ninafundisha hisabati kidato cha tano na sita katika shule ya bweni ya serikali, Nyanda za Juu Kusini. Huu ni mwaka wangu wa 19. Hao wanafunzi hodari mnaowaulizia hupitia mikononi mwangu kabla vyuo havijawaona. Naona wanavyochagua, na wengine hurudi kunisimulia walichokikuta. Kwa hiyo jibu langu ni moja tu: chuo kiwape wanafunzi wa mwaka wa kwanza walimu wake bora kuliko wote. Wanafunzi hodari watakuja kwa sababu hiyo, na ufundishaji utapanda kwa sababu hiyo hiyo.

Nianze na namna wanavyochagua, maana hapo ndipo vyuo vingi vinapojidanganya. Mwaka 2017 TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliacha mfumo wa udahili wa pamoja na maombi yakarudi vyuoni kwenyewe. Tangu hapo vyuo vinawania wanafunzi waziwazi. Kuna maonesho ya kila mwaka pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, mabanda yamejipanga, vipeperushi na fulana vinagawiwa. Wengine hutufuata mpaka shuleni na projekta zao. Siwalaumu, wanafanya kazi yao. Lakini kijana aliyepata wani ya pointi 3, matokeo ya juu kabisa ya kidato cha sita, hachaguliwi chuo na kipeperushi. Akishadahiliwa vyuo viwili au vitatu, analetewa namba ya kuthibitisha kimoja, na siku hiyo anashika simu. Anampigia mtu aliyekuwa naye bweni moja, aliyemtangulia mwaka mmoja au miwili. Anamuuliza, "Huko wanafundisha kweli?"

Jibu la huyo aliyemtangulia linashinda mabango yote ya barabara ya Morogoro. Na kwa kuwa aliyemtangulia ndiyo kwanza amemaliza mwaka wa kwanza, au wa pili, anachokijua ni mwaka wa kwanza. Waliomfundisha kalkulasi muhula wa kwanza ndio wanaokitangaza chuo, wakijua wasijue.

Nilikuwa na mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), sitamtaja, na chuo chake pia sitakitaja. Kwa miaka yangu yote sijapata zaidi ya watano wa aina yake. Ukimpa swali, hakuulizi jibu, anakuuliza kama kuna njia nyingine. Septemba ya mwaka uliofuata alikuja kunisalimia nyumbani, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema ana sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, moja ya hisabati. Nikamwambia anieleze. Darasa lilikuwa na watu zaidi ya 400. Mhadhiri aliingia, akasoma slaidi, akatoka. Semina zilikuwa kwenye ratiba lakini hazikufanyika hata moja muhula mzima. Walipofika kwenye limiti, ile ya epsiloni na delta, ambayo inamtaka mwanafunzi athibitishe jambo badala ya kukokotoa, waliandikiwa fasili ubaoni na kuambiwa wakasome. Alikwenda kusoma peke yake, chumbani, wiki tatu, akiamini wenzake wote wameelewa.

Mwaka ule nilikuwa na wanafunzi watano waliokuwa wanakitaka chuo hicho. Hakuna hata mmoja aliyekwenda. Sikuwakataza. Walizungumza naye wenyewe, barazani kwangu, wakinywa chai.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapo Mnazi Mmoja panapojaa mabanda si mbali na Mtaa wa Lumumba, ambako Oktoba 1961 kilianza chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii, ndani ya jengo la TANU, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Mlimani, kilipo sasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walihamia mwaka 1964. Kule Lumumba hapakuwa na kampasi ya kumwonesha mgeni. Lakini walimu wa miaka ile ya mwanzo ni watu kama William Twining na Patrick McAuslan, ambao baadaye walikuwa majina makubwa ya taaluma ya sheria duniani, nao walikuwa wakikaa na darasa dogo linaloweza kuuliza na kubisha. Katika darasa lile la kwanza alikuwemo Julie Manning, aliyekuja kuwa jaji na Waziri wa Sheria.

Miaka michache baadaye Yoweri Museveni, ambaye Makerere ilikuwa kwao, alikuja kusoma Mlimani, mwaka 1967. John Garang wa Sudan Kusini alikuja pia, akiwa tayari na shahada ya chuo cha Grinnell, Marekani. Siasa za ukombozi ziliwavuta, sikatai. Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa makao ya wapigania uhuru wa nusu ya bara. Lakini ndani ya chuo chenyewe palikuwa na Walter Rodney akifundisha historia, palikuwa na wanafunzi waliopanga madarasa yao wenyewe ya Jumapili ili wabishane zaidi ya walivyobishana darasani. Kijana mwenye akili hufuata mahali ambapo akili yake itapata mwenzake wa kupigana naye. Hilo halijabadilika.

Nitoe mfano wa mbali, kwa sababu unahusu hisabati na unahusu hasa kile kilichompata mwanafunzi wangu. Miaka ya 1970, pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanahisabati Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi waliokuja na alama nzuri walikuwa wakianguka kalkulasi ya mwaka wa kwanza. Watu walimpa majibu ya kawaida: hawana bidii, wazazi wao hawakusoma, msingi mbovu. Akawafuata mpaka wanakosomea. Akakuta wanajitahidi sana, ila kila mmoja peke yake, huku wanafunzi wenye asili ya China wakisoma kwa makundi, wakisahihishana, wakiulizana mpaka usiku. Hakuanzisha darasa la wanyonge. Aliwakusanya wafanye pamoja maswali magumu zaidi ya yale ya darasani, na mtu wa kuwasimamia. Matokeo yao yakapanda.

Mfano wa pili ni wa huko huko Marekani. Chuo cha UMBC, karibu na Baltimore, kilifunguliwa mwaka 1966 na hakikuwa na jina. Mwaka 1988 Freeman Hrabowski alianzisha hapo mpango wa Meyerhoff: ufadhili kwa vijana weusi wenye vipaji vya sayansi, lakini pamoja na ufadhili, waje chuoni majira ya joto kabla ya mwaka wa kwanza, wasome kwa makundi kwa lazima, na maprofesa wawaingize maabara mapema. Leo chuo hicho kinasifika kuliko vyote Marekani kwa kutoa wahitimu weusi wanaoendelea mpaka kupata udaktari wa tiba na wa falsafa kwa pamoja. Kizzmekia Corbett, mmoja wa wanasayansi waliotengeneza chanjo ya UVIKO ya Moderna, alihitimu hapo mwaka 2008 akiwa katika mpango huo. Fedha zilisaidia kuwaleta, ila nadhani kilichowaleta wa mwaka wa pili, wa tatu na wa ishirini ni habari za waliotangulia.

Sasa turudi nyumbani, kwenye vimbweta. Kila aliyesoma chuo kikuu Tanzania anajua kimbweta: meza na viti vya zege chini ya mti, watu sita wameinamia karatasi moja. Pale ndipo nusu ya elimu ya vyuo vyetu hupatikana, na chuo hakilipi hata shilingi. Ni utajiri ambao Treisman alilazimika kuutengeneza, sisi tumeukuta. Lakini tumeuacha ujiendeshe wenyewe, kwa hiyo mwenye haya hukaa chumbani, kama mwanafunzi wangu, na kosa la mmoja huwa kosa la wote sita. Chuo kiweke mkufunzi msaidizi mmoja kwa kila vimbweta vinne, mara mbili kwa wiki, na maswali yaliyoandaliwa. Wakufunzi wasaidizi wapo, wameajiriwa.

Na pale kimbwetani wanazungumza Kiswahili. Sikiliza mtu akimweleza mwenzake muunganiko wa mfululizo: Kiswahili, na istilahi za Kiingereza zimepachikwa humo. Ukumbini wanakaa kimya. Wengi hawakosi swali, wanakosa ujasiri wa kuliuliza kwa Kiingereza mbele ya watu 400. Mimi ningeruhusu semina zote za mwaka wa kwanza ziwe kwa lugha ambayo mwanafunzi anaiweza, na mitihani ibaki kama ilivyo mpaka wakubwa waamue vingine. Najua jambo hili lina ubishi wake. Nimelifanya darasani kwangu miaka mingi na sijaona aliyepungukiwa.

Watu wataniambia: Mwalimu, darasa la 400 halifundishiki. Linafundishika. Eric Mazur, profesa wa fizikia Harvard, aligundua kwamba wanafunzi wake walikuwa wanafaulu mitihani bila kuielewa nguvu ni nini. Kuanzia mwaka 1991 akabadili: anaeleza kidogo, anauliza swali lenye majibu manne, kila mtu anachagua, kisha kila mtu anamgeukia jirani yake na kumshawishi, kisha wanachagua tena. Ndipo anaeleza. Harvard wana vifaa vya kupigia kura. Mimi darasani kwangu tunatumia vidole: kidole kimoja ni A, viwili B, mkono kifuani ili jirani asione. Ukitazama vidole unajua ndani ya sekunde kumi nani umemwacha nyuma. Mwaka 2014 Scott Freeman wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Wakakuta wanafunzi wa mihadhara mitupu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 zaidi ya wale walioshirikishwa. Mradi wa kuchapisha vipeperushi vipya hauwezi kukupa hivyo.

Nani sasa afanye kazi hii? Hapa nitasema linaloniuma. Ili niruhusiwe kufundisha kidato cha tano, nilipelekwa mazoezi ya kufundisha, mwalimu wa chuo akakaa nyuma ya darasa na daftari, akaniambia mbele ya macho yangu nilipokosea. Nililia siku ile, na nilijifunza. Mtu anayempokea mwanafunzi wangu miezi michache baadaye anaweza kuwa amebakizwa chuoni kwa sababu alipata GPA ya 3.8 au zaidi. Alama hiyo ni ya heshima. Inaonesha kwamba anajua. Haioneshi kwamba anaweza kumfanya mwingine ajue. Akishaajiriwa, kupanda kwake kutoka mhadhiri msaidizi mpaka profesa kunabebwa zaidi na machapisho. Anayefundisha vizuri na kuchapisha kidogo atabaki pale pale, na vijana wake wanaliona hilo, wanajifunza kwamba kufundisha ni adhabu ya wanaoanza kazi. Ndiyo maana mwaka wa kwanza huangukia mikononi mwa mdogo kuliko wote idarani, wakati profesa anafundisha watu 12 wa shahada ya uzamili.

Ningegeuza. Kila profesa achukue somo moja la mwaka wa kwanza, walau mwaka mmoja kati ya mitatu. Wahadhiri wakae nyuma ya madarasa na kuangaliana wakifundisha, wenyewe kwa wenyewe, na kilichoandikwa kwenye daftari lile kiingie kwenye faili la kupandishwa cheo kwa uzito ule ule wa makala ya jarida. Fomu za tathmini zinazojazwa na wanafunzi mwisho wa muhula zina faida yake, ila zinakuja wakati aliyefeli ameshafeli.

Kuhusu fedha na majengo sina maneno mengi. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofanya vizuri zaidi katika sayansi kidato cha sita, umeondoa hofu ya ada katika nyumba ninazozijua, na naushukuru kwa moyo wote. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia, ni wa kujenga madarasa na maabara tulizozihitaji sana. Chuo chenye ukumbi mpya na mhadhiri anayesoma slaidi kitakuwa kimesogeza tatizo kwenye viti vizuri zaidi.

Yule mwanafunzi wangu alizifuta sapu zake. Alimaliza, anafanya kazi, hakurudi kwenye hisabati. Sijamuuliza kwa nini.

Mwaka huu binti mmoja aliyemaliza Mei alinipigia akiwa na namba za vyuo vitatu na siku mbili za kuamua. Nilidhani najua atakachochagua. Akaniambia amethibitisha kile kidogo, ambacho hata banda lake pale Mnazi Mmoja watu hupita bila kusimama. Nikamuuliza amepata wapi habari zake.

"Dada Neema alinitumia sauti WhatsApp, mwalimu. Anasema wana profesa wa kalkulasi anayewaita kwa majina, na ukikosa semina anakutafuta."