Nyumbani wamemwachia nani?

Mwanangu,

Umeniuliza kama mtu anayejifungia monasterini siku hizi, dunia ikiwaka moto hivi, bado ana faida kwa yeyote. Padre wenu atakujibu vizuri kuliko mimi. Mimi nikisikia habari za wakaapweke, hao wanaojitenga na watu ili wasali, najiuliza jambo moja tu: nyumbani wamemwachia nani?

Unajua namsema nani. Shangazi yako alipoingia utawani tulienda kumtembelea, tukaketi upande huu wa vyuma vinavyotenga wageni na watawa, yeye upande ule, akicheka kama zamani. Kisha nyanya yako akaugua. Nani alimgeuza kitandani? Mimi, mkaza mwana, hapa mtaani Umoja, shuka nazifua kwa maji ya mtungi. Siku ya mazishi shangazi yako hakuja, kwao haikuwa ruhusa. Ilikuja barua na rozari. Baba yako akaisoma kaburini kwa sauti. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Sala isiyoshika kitambaa cha mgonjwa siielewi. Mmenisikia nikilisema hilo tangu mkiwa wadogo.

Lakini ngoja. Hata Antoni wa Misri, yule mkaapweke wa kale, aliposikia Injili ile ya kuuza vyote, alimkabidhi kwanza dada yake mdogo kwa mabikira waaminifu. Nikikasirika nasema kukabidhi si kulea. Nikitulia naona kumbe alijua ana deni. Na Charles de Foucauld, padre Mfaransa aliyetangazwa mtakatifu 2022, alifuata upweke Sahara, na maskini wakambishia mlango kutwa, naye akawafungulia. Huyo namwelewa! Tena si kila aliyechoshwa na kelele za Nairobi anaweza kujiita mkaapweke: ili Kanisa limtambue, kanuni ya 603 ya Sheria za Kanisa za 1983 inamtaka ajifunge hadharani, kwa nadhiri au kifungo kingine kitakatifu, mikononi mwa askofu wa jimbo.

Ila kuna hili sijawahi kukuambia. Usiku wa maumivu nyanya yako alikuwa akiuliza saa. Nikimwambia ni saa kumi na moja, anashusha pumzi: “Binti yangu ameamka, ananiombea.” Halafu analala. Mikono yangu iko mgongoni pake, shukrani zinakwenda kwingine!

Labda ni dawa niliyokuwa nimempa. Labda siyo. Nina maoni yangu, na kuyameza si rahisi, lakini wewe bado unatafuta, nisikuharibie.

Nenda kamuulize shangazi yako mwenyewe. Piga simu kwanza, hawapokei wageni kila siku. Mimi nikienda tutagombana.

Mama yako