Je, ni ujinga kuwaamini majirani kwenye akiba ya pamoja?

Dada, pole kwa maneno ya shemeji yako, anayekuona mjinga kwa kuamini kwamba majirani 20 wanaweza kuweka akiba pamoja bila kuibiana. Vikundi vya aina hiyo, vya kuweka akiba, kukopeshana na kugawana mwisho wa mwaka, vilianza Niger mwaka 1991, vikaenea Afrika. Mtafiti wa Marekani, Elinor Ostrom, naye alipata Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuonyesha kwamba watu wa kawaida huweza kusimamia mali ya pamoja kwa kanuni walizojitungia na kusimamiana wenyewe.

Kanuni ndizo za kukazia. Nunueni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zikae kwa watu watatu, sanduku kwa wa nne, wasiwe wa familia moja. Fedha zihesabiwe kwa sauti mbele ya wote, kikao kikianza na kikiisha. Mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mtu. Kinachovunja vikundi mara nyingi ni mwenyekiti kukopa nje ya kikao na wenzake kuona haya kumuuliza, kwa hiyo faini ziandikwe mapema, zikianza ndogo. Mwaka ukiisha, gawaneni fedha zote.

Kama uko Tanzania, sajilini kikundi halmashauri. Fedha zikipungua, mwiteni afisa maendeleo ya jamii kabla hamjaanza kunyoosheana vidole.