Kuzimika mzunguko wa tano kwenye mita 3,000

Mwalimu, umeuliza kwa nini kijana wako wa miaka 16 anazimika mzunguko wa tano kwenye mita 3,000: hajapungukiwa na pumzi, anazimaliza mapema. Kama lengo ni dakika 10, kila mzunguko wa mita 400 ni sekunde 80, na ile mita 200 ya kuanzia, kabla ya mizunguko saba kamili, ni sekunde 40. Wengi wa umri wake huikimbia haraka zaidi ya hapo kwa sababu ya msukumano wa mwanzo, miguu inajaa uchovu, na kufikia mzunguko wa tano hawana kitu.

Mara moja kwa wiki mpe mita 400 mara 6, kila moja kwa sekunde 80, akipumzika sekunde 90 katikati. Asivae saa. Akimaliza, akisie muda wake kabla hujamsomea. Hapo ndipo mwili unajifunza kasi. Akikimbia 75 usimsifu hata kidogo, zoezi limeharibika.

Siku zinazobaki mbio ziwe nyepesi, aweze kuongea sentensi nzima bila kuhema. Na tafadhali, akilalamika maumivu ya mfupa wa muundi yanayouma ukibonyeza sehemu moja, msimamishe na apelekwe kwa daktari.