Nikijikataza kuwaza ndo nawaza zaidi

SWALI: Shikamoo anti. Mimi mama wa watoto wawili, nauza mitumba Temeke. Jumapili ndo siku ya marejesho kwenye kikoba chetu, sasa kuanzia Ijumaa usiku silali, nawaza hela ntaitoa wapi, najiambia usiwaze, lala, ndo kwanza mawazo yanakuja mpaka adhana ya alfajiri. Rafiki yangu kanionyesha meditesheni kwenye simu, wanasema uache kichwa kitupu, nimeshindwa. Nina tatizo la akili?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa ulivyonieleza hapo sioni ugonjwa, kichwa cha kila mtu kiko hivyo. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaambia wanafunzi wakae dakika 5 wasimuwaze dubu mweupe, akija kichwani wapige kengele. Kengele zikalia tu! Maana ukijikataza kitu, lazima akili iweke mlinzi wa kuchungulia kama kimekuja, na huko kuchungulia ndo kukiita. Dubu wako ni rejesho.

Kwa hiyo usilifukuze, lipangie saa. Kila siku saa 11 jioni, kabla hujafunga mabegi, chukua daftari uwaze makusudi kwa nusu saa, andika unadaiwa ngapi, umeuza ngapi, pungufu ni ngapi na utaongea na nani. Usiku likija liambie nimekuona, tutaonana saa 11. Wiki ya kwanza litakuja mara kumi, we rudia hivyohivyo bila kujigombeza.

Na hiyo meditesheni walikufundisha vibaya, wala sikulaumu. Jon Kabat-Zinn, mwalimu wa meditesheni wa Marekani, alipoanza kuifundisha mwaka 1979 hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, alikuwa na watu wenye maumivu sugu, hakuwaambia wasiyasikie, aliwafundisha wayaangalie tu yanavyokuja na kupita. Lala chali, weka mkono tumboni, usikilize unavyopanda na kushuka. Ukijikuta umeshafika kwenye kikoba, rudi tumboni. Ukitoka mara hamsini rudi mara hamsini, huko kurudi ndo zoezi lenyewe.

Ila mwanangu pumzi hailipi deni. Ukiona Alhamisi hesabu haitimii, mfuate mweka hazina siku hiyohiyo umweleze, usisubiri uaibike kwenye kikao. Na usingizi ukizidi kukukimbia wiki tatu nne, au ukaanza kuona bora usiwepo, nenda hospitali mara moja, tena usiende peke yako, huyo rafiki yako akusindikize.